Kigego, Nyota na Ajali: Nafsi ya Mwanadamu Mbele ya Kadari

(Mhadhara uliotolewa na mwalimu wa madrasa baina ya Magharibi na Isha, Ngamiani, Tanga)

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyofichika. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, Masahaba zake na kila mwenye kuufuata mwenendo wao hadi siku ya Malipo. Amma baad.



Nilikuwa nimetayarisha kuzungumza nanyi juu ya zaka ya mazao. Zaka itangoje mwezi ujao, kwa kuwa limezuka jambo lisilongoja. Wiki mbili zilizopita, baada ya sala ya Alfajiri, alinijia bibi mmoja amembeba mjukuu wake wa kike, mtoto wa miezi saba. Alikaa kizingitini asitake kuingia ndani. Nilipomwamkia na kumuuliza ana shida gani, alimfunua mtoto mdomo kwa kidole, akaniambia, "Maalim, huyu kaota ya juu." Hakuongeza neno. Wazee mliopo hapa mmekwisha kufahamu, na vijana nitawafahamisha.

Katika nchi yetu hii, kuanzia pwani ya Mrima hadi Handeni, Korogwe na milima ya Usambara, mtoto anayetanguliza meno ya juu huitwa kigego. Wakale wetu waliitakidi kuwa kigego amezaliwa na nuksi, na kwamba akiachwa akue atawamaliza watu wa nyumba yake mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo vigego waliuawa au walitupwa porini. Leo hawauawi, alhamdulillahi. Lakini baba wa mtoto huyu, baada ya kupata hasara katika biashara yake ya mahindi, alikumbushwa na jamaa zake habari ya yale meno, akahama nyumba. Amesema halali chini ya paa moja na mtoto yule. Bibi alikuwa na ombi moja tu: nimtazamie mjukuu wake nyota, ijulikane kama kweli amezaliwa na mkosi au amesingiziwa.

Ndugu zangu, ndani ya ombi lile la bibi yamo maswali mawili yaliyowasumbua wanadamu wa kila umma. La kwanza, je, mambo yatakayompata mtu yamekwisha kupangwa? Na la pili, huyo mtu mwenyewe ni nini? Je, nafsi yake ni kitu kilichokwisha kukamilika tangu tumboni, kinachoweza kusomwa usoni, kinywani au nyotani, au ni kitu kinachojengwa siku hadi siku?

Tuanze na wazee wetu, maana sipendi desturi ya baadhi yetu tuliosoma nje kuwapita wazee kana kwamba hawakuwa na fikra. Kiko kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi, alichokiandika Abdallah bin Hemedi, Mswahili aliyekaa na watawala wa Usambara akaandika habari zao kwa Kiswahili, nacho kilichapwa na wamisionari wa Kiingereza wa Magila miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo wa karne ya 20. Kitabu hicho kinaanza na habari za Mbegha. Mbegha alizaliwa Ungulu, naye alikuwa kigego. Wazazi wake walimpenda, hawakumdhuru. Lakini walipokufa, ndugu zake walimnyima urithi kwa hoja kwamba kigego hana fungu, na wakamsingizia kila msiba wa ukoo. Akatoka na mbwa wake na mikuki yake, akawa mwindaji wa nguruwe mwitu. Akafika Kilindi, mtoto wa mtawala wa huko akawa rafiki yake, na rafiki huyo akauawa na nguruwe mawindoni, Mbegha akalazimika kukimbia tena. Mwenye kuamini nuksi angesema: hamkuona? Lakini kisa hakikuishia hapo. Alipanda milimani, akawagawia Wasambaa nyama, akaamua magomvi yao kwa uadilifu, akaua simba, na mwishowe watu wa Vugha wakamfanya mfalme wao. Ukoo wake ulitawala Usambara tangu karne ya 18 mpaka ulipofika ukoloni na baada yake.

Basi tazameni ajabu hii. Watu waliokuwa wakiwatupa vigego ndio hao hao waliosimulia kwa fahari kwamba mfalme wao wa kwanza alikuwa kigego. Mimi nadhani wazee wetu walikuwa na shaka na itikadi yao wenyewe, na shaka hiyo wakaihifadhi ndani ya hadithi, kwa kuwa mahali pengine hapakuwa na usalama wa kuisema.

Kuhusu nafsi, waliona kuwa mtu hakamiliki peke yake. Heri na shari yake ziliungana na ukoo, mizimu na nchi. Wasambaa walisema mtawala anaweza kuiponya nchi au kuiharibu, mvua ikanyesha au ikakatika kwa sababu ya hali yake. Katika fikra hiyo limo jambo zuri la kubebeana dhamana, na limo pia la hatari, kwamba msiba wa wengi hutafutiwa mtu mmoja wa kuubeba. Na mara nyingi huyo mmoja ni mtoto, au ni bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni.

Hapa Tanga tumeishi na watu wa dini nyingine kwa vizazi. Jirani zetu Wahindi tuliofanya nao biashara katika barabara hizi wana mafundisho ya karma: kila tendo lina matunda, na mtu huzaliwa tena na tena akivuna alichopanda katika maisha yaliyotangulia. Kwa mafundisho hayo, ajaliwalo mtu ni deni lake mwenyewe. Wengi katika wanazuoni wao husema kuwa iko ndani ya mtu nafsi isiyozaliwa wala kufa, waiitayo atman. Akatokea kwao Buddha akakataa: hakuna nafsi ya kudumu, kuna mfululizo wa hali zinazoungana kama mwali wa taa, ambao ukiutazama sasa si ule ule wa saa moja iliyopita. Sisi hatukubali kurudi duniani mara ya pili, kwani Qur'ani imeweka kizuizi baina ya wafu na dunia mpaka siku ya kufufuliwa. Lakini ni haki kumtendea mtu uadilifu hata katika kumkhalifu: karma haikukusudiwa kumfanya mtu alale, ilikusudiwa kumtisha asitende ovu.

Wagiriki tuliwajua hapa kwa mashamba ya mkonge, lakini wakale wao walikuwa watu wa falsafa. Kundi moja katika wao, Wastoa, lilisema kila kitu kimefungwa katika mnyororo wa sababu. Walipiga mfano wa mbwa aliyefungwa nyuma ya gari: akitaka atatembea, asipotaka ataburutwa, na kwa vyovyote atakwenda. Wapinzani wakawajibu, "Kama ni hivyo, mgonjwa akiandikiwa kupona atapona, amwite tabibu asimwite." Hoja hiyo waliita hoja ya mvivu. Akajibu Chrysippus, imamu wao wa karne ya tatu kabla ya Nabii Isa, kwamba kupona kumeandikwa pamoja na kumwita tabibu. Mkikumbuke kisa hiki, kwa kuwa karibu miaka 900 baadaye tutamsikia mtu bora kuliko Chrysippus akisema lililo bora kuliko hilo.

Wakristo nao hawakusalimika na mjadala huu. Wajerumani wa Bethel waliofika Usambara mwaka 1891 walikuwa wafuasi wa Luther, naye Luther mwaka 1525 aliandika kitabu kizima kumrudi Erasmus, akidai hiari ya mwanadamu mbele ya wokovu imefungwa. Erasmus alikuwa ametetea kwamba mtu ana hiari. Inatosha kuwataja, tuje kwetu.

Kwetu, mzozo ulianza mapema, mwishoni mwa zama za Masahaba. Huko Basra alitokea Ma'bad al-Juhani akasema hakuna kadari, mambo huanza upya. Upande wa pili akaja Jahm bin Safwan, aliyeuawa mwaka 128 Hijria, akasema mwanadamu hana tendo kabisa, ni kama unyoya unaopeperushwa na upepo. Na ijulikane kuwa itikadi ya kulazimishwa haikosi wateja miongoni mwa wenye madaraka. Baadhi ya watawala wa Bani Umayya waliipenda kwa sababu iliwapa udhuru: tukiua na tukipora, Mungu ndiye aliyeandika. Imepokewa kuwa Hasan al-Basri aliulizwa juu ya maneno hayo yao akawaita maadui wa Mungu waongo.

Baadaye Mu'tazila wakasema mja ndiye anayeumba vitendo vyake. Ash'ari akasema Mwenyezi Mungu ndiye aumbaye na mja huchuma. Ndugu zetu Maibadhi wa Oman na Unguja, ambao tunakhitilafiana nao katika mengine, katika hili wako karibu na Ash'ari. Sisi tunafundisha watoto daraja nne walizozipanga wanazuoni wa Sunna, na Ibnul Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria) amezifafanua kwa kirefu: Mwenyezi Mungu amejua, ameandika, ametaka na ameumba. Na pamoja na hayo mja ana matakwa ya kweli na uwezo wa kweli, na kwa hivyo viwili ndipo anapoulizwa.

Vipi yakutane hayo mawili? Sitawadanganya kuwa nimelifungua fundo hili. Nimekaa miaka sita nikisoma vitabu vyake kwa Kiarabu, na nilichorudi nacho ni kwamba Masahaba walimuuliza Mtume (S.A.W.) swali hili hili pale makaburini Baqi', naye ana kijiti mkononi anachorachora ardhi: kama kila mtu mahali pake pamekwisha kuandikwa, kwa nini tusiache kufanya amali? Hakuwapa falsafa. Aliwaamrisha wafanye amali, na akawaambia kuwa kila mmoja atarahisishiwa lile aliloumbiwa. Maana yake, kitabu kile hukioni, lakini kazi yako unaiona. Soma unachokiona.

Na huyu hapa mtu bora niliyewaahidi. Mwaka 18 Hijria, Umar bin al-Khattab (R.A.) alikuwa njiani kwenda Sham, na alipofika Sargh akaambiwa kuna tauni. Alishauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.), mtu mwema asiye na shaka, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu naam, tunaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu, kisha akampigia mfano wa mchungaji aliyeshuka na ngamia bondeni, upande mmoja una majani na mwingine mkavu: popote atakapowalisha atakuwa amewalisha kwa kadari. Ndipo akatokea Abdur-Rahman bin Auf (R.A.) na hadithi ya Mtume (S.A.W.) ya kutoingia mji wenye tauni wala kuukimbia uliyomo. Umar akamhimidi Mola wake, akageuza msafara.

Sasa nirudi kwenye nyota aliyoitaka bibi. Wako miongoni mwetu, na wengine wana vilemba vikubwa kuliko changu, wanaofanya hesabu hii mchana kweupe. Huchukua jina la mtu na la mama yake, wakayageuza herufi kwa herufi kuwa tarakimu za abjad, wakajumlisha, wakagawa kwa 12, na kile kinachosalia ndicho nyota yake. Natufanye hesabu pamoja. Ali ni ain 70, lam 30, ya 10, jumla 110. Mama yake Maryam ni mim 40, ra 200, ya 10, mim 40, jumla 290. Pamoja ni 400. Ukigawa kwa 12 inabaki nne, basi nyota yake ni Saratani. Vyema. Niambieni, katika barabara 21 za Ngamiani wako kina Ali wangapi wana wa Maryam? Mmoja mvuvi, mmoja mwalimu, mmoja Mungu amemwita akiwa mchanga. Wote jaala yao moja?

Tuseme mama yake ni Fatima. Hapa waganga wenyewe wanagombana. Ile te ya mwisho wengine huihesabu kama he, yaani tano, na wengine kama te, yaani 400. Kwa hesabu ya kwanza jumla ni 245, inabaki tano, Ali ni nyota ya Asad, yaani simba. Kwa ya pili jumla ni 640, inabaki nne, karudi kuwa Saratani, yaani kaa. Ndugu zangu, mtu analala simba anaamka kaa kwa sababu ya nukta mbili juu ya herufi! Na kwa hesabu kama hizi ndoa zinavunjwa na safari zinaahirishwa.

Mwana wa Machui, Shaaban Robert, ambaye sisi watu wa Tanga hatuachi kujivunia, aliwahi kumtia Omar Khayyam katika Kiswahili. Wengi humjua Khayyam kama mshairi wa kukata tamaa mbele ya majaaliwa, lakini kwa kazi alikuwa bingwa wa elimu ya falaki, mmoja wa waliotengeneza kalenda ya Sultani Malikshah. Na mwandishi mmoja aliyekutana naye, Nidhami Arudhi wa Samarkand, ameandika kuwa hakumwona Khayyam akiamini sana utabiri wa nyota. Aliyezijua nyota hakuziamini, na wanaoziamini hawajui hata zinakochomoza.

Nuksi, kwa Kiarabu tiyara, Mtume (S.A.W.) ameihesabu katika shirki. Wala msidhani hilo ni kosa la wajinga wa porini. Waarabu wa Jahiliya, watu wa ufasaha na mashairi, waliwazika watoto wao wa kike hai, na Suratut Takwir imetaja siku atakayoulizwa mtoto huyo ni kwa kosa gani aliuawa. Aulizwe yeye, si babake! Mimi kila nikiisoma aya hiyo mwili hunisisimka.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, nalo linatupata sisi tunaojiona tumesalimika na ramli. Neno ajal kwa Kiarabu ni muda uliowekwa, kikomo cha umri. Limefika kwetu likawa ajali: basi limepinduka, chombo kimezama. Lugha yetu yenyewe imechukua uzembe wa dereva ikaupa jina la kadari. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, kisiwa kilicho mkabala nasi hapa. Tume ya uchunguzi ilisema Januari 2012 kwamba waliokufa na kupotea walizidi 1,500, na kwamba meli ilibeba watu mara kadhaa ya idadi iliyoruhusiwa. Misibani tulisema siku zao zimefika. Ni kweli, zilifika, na ni wajibu kumwambia mfiwa hivyo ili apate subira. Ila maneno yale yale hayafai kinywani mwa aliyekata tiketi huku akiona meli imeelemewa. Kwa mfiwa ni dawa, kwa mkata tiketi ni hoja ya Bani Umayya. Tarehe 18 Julai 2012, kabla mwaka haujatimia, ikazama MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam. Mtu aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga kwa kudai anamtegemea Mungu, Mtume (S.A.W.) alimwamuru amfunge kisha ategemee. Kama ngamia mmoja anafungwa, roho za watu zifanyweje?

Kuhusu nafsi, Qur'ani inaitaja kwa hali tatu: inayoamrisha maovu, katika kisa cha Yusuf, inayojilaumu, katika Suratul Qiyama, na iliyotulia, mwishoni mwa Suratul Fajr. Wanazuoni wamesema hizo si nafsi tatu, ni moja inayobadilika. Leo asubuhi imeamrisha, adhuhuri imejilaumu, na huenda usiku ikatulia katika sijda. Kitu kinachogeuka hivyo ndani ya siku moja, ufizi utakisoma vipi?

Nilimwambia bibi yule jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua mpaka nilipotimiza miaka ishirini. Nilizaliwa Handeni, na mimi nilianza kuota ya juu. Marehemu mama yangu alinificha chumba cha ndani, akiwaambia wageni nina surua, hata yalipotokeza ya chini ndipo akanitoa uani. Baba alijua akanyamaza. Mama alinihadithia akicheka, lakini nilimwona mikono inamtetemeka. Bibi alinitazama mdomoni muda mrefu, nadhani akitafuta dalili. Kisha akauliza, "Sasa huyu nimpeleke wapi?" Nikamwambia ampeleke kliniki apimwe uzito, na akitimiza miezi tisa apate chanjo ya surua, ile ya kweli.

Baba wa mtoto nimeambiwa husali pamoja nasi msikiti huu. Sitamtaja, wala asitazamwe mtu. Namwomba anione baada ya Isha, tutakwenda wote kwa bibi, si mbali, ni mwendo wa kwa miguu. Mtoto ameanza kutambaa, na juzi nilipopita nilionyeshwa mawili ya chini yanachomoza. Kwa ajili ya majirani nilifurahi. Kwa ajili ya dini nilisikitika kwamba nimefurahi.

Muadhini amesimama. Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.